Glasi ya kwanza povu tupu: kisa cha friza la bia gerejini kwa shemeji

Shemeji alinipigia Ijumaa jioni, mwezi wa nane, joto la Houston, huku Marekani, likiwa halijashuka hata baada ya jua kuzama. "Shem, bia imegoma. Glasi ya kwanza povu tupu, ya pili nusu kwa nusu, ya tatu ndiyo inatoka bia. Nimepunguza presha, povu ndiyo kwanza limezidi."

Mimi ni fundi majokofu. Nilisomea chuo cha ufundi cha VETA Moshi na kazi hiyohiyo ndiyo inayonilisha huku. Bia sijui kuipika, lakini yale maelezo ya glasi ya kwanza, ya pili na ya tatu yalinipa picha kabla sijawasha gari. Gesi ikizidi kwenye bia, glasi zote hutoa povu, ya kwanza hadi ya kumi. Povu linalopungua kadiri unavyomimina linatokana na kitu kilichokuwa cha moto kikapozwa na bia yenyewe ilipokuwa inapita. Nakiandika kisa hiki chote, pamoja na pale nilipoharibu, kwa sababu watu wengi niliowasikia wakilia na povu hukimbilia kwanza regyuleta, kile kifaa kinachopangia presha ya gesi inayotoka mtungini kwenda kwenye bia, na mara nyingi regyuleta haina kosa.

Mtambo wenyewe uko hivi. Ni friza la kufungulia juu, la lita 200 hivi, aina ileile tunayoiona madukani nyumbani ikihifadhi samaki na aiskrimu. Ndani kuna kegi tatu, yaani mitungi ya bia ya chuma kisichoshika kutu, kila moja ya galoni 5, yaani lita 19, na kimo chake kama sentimita 63. Kegi hizi zilizaliwa kwa ajili ya soda. Kampuni za soda za Marekani zilikuwa zikipeleka sharubati migahawani ndani yake, kisha zikahamia kwenye mifuko inayokaa ndani ya maboksi, kegi zikauzwa kwa bei ya kutupa na wapika bia wa majumbani wakazidaka. Wapika bia hao wana ruhusa tangu Rais Jimmy Carter aliposaini sheria Oktoba 1978: kaya yenye watu wazima wawili au zaidi inaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka kwa matumizi yake, bila kuuza. Shemeji hafikii hata robo ya hizo. Yeye ni mtu wa Marangu, Kilimanjaro, amekulia kwa bibi aliyepika mbege ya ndizi mbivu na ulezi, na gome la msesewe ndani yake. Mbege haijui friji. Inanyweka ikiwa hai, siku zake zikipita imepita. Bia ya kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu wake) anayoipika sasa inataka baridi ya kudumu na gesi iliyotulia, kwa wiki nyingi.

Koki za kumiminia zimepita kwenye fremu ya mbao. Hapa niseme kidogo, maana fremu hii ndiyo mzizi wa kila kitu. Ukuta wa friza la namna hii hautobolewi ovyo: mabomba ya kupoza, na kwa mafriza mengi hata yale ya kutoa joto, yamefukiwa humohumo kwenye kuta. Tobo moja mahali pabaya, gesi ya kupozea imekwenda na friza limekufa. Kwa hiyo watu hung'oa mfuniko, wakaweka fremu ya mbao ya kimo cha sentimita 20 juu ya kasha, wakarudisha mfuniko juu ya fremu, na koki zikatobolewa kwenye mbao. Ni akili nzuri na mimi ningefanya hivyohivyo. Ila ukishafanya hivyo umeongeza ghorofa ambayo aliyetengeneza friza hakuipangia baridi. Kuta za kasha zina mabomba ya kupoza na foamu nene. Ghorofa ya juu ina mbao ya msonobari ya sentimita 4 basi. Kwa hesabu yangu, eneo kwa eneo, mbao ile inapitisha joto karibu mara nane ya ukuta wa friza. Na kwenye mbao hiyohiyo umepitisha vyuma vitatu ambavyo upande mmoja viko gerejini kwenye nyuzi 36 za Selsiasi, upande wa pili vimeungana na mipira ya kupitishia bia.

Nilipofika nilikuta shemeji ameshusha presha kutoka psi 12 hadi 6 (psi ndicho kipimo cha presha kilicho kwenye regyuleta). Nilimwomba aniwekee glasi mbili. Ya kwanza, povu robo tatu. Nikangoja litulie, nikaonja kilichobaki chini: gesi imepungua, inateleza mdomoni kama chai iliyopoa. Amepata hasara mbili kwa mkupuo mmoja, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu kwa macho inaonekana kama presha ndogo ingetuliza povu.

Bia ya nyuzi 3 ikiwa chini ya presha ya psi 11 hadi 12 hushika gesi mara mbili na nusu ya ujazo wake. Ndicho kiasi ambacho bia nyingi za kawaida zinakitaka. Ukishusha presha hadi 6 bila kubadili joto, bia haiwezi kushika zaidi ya mara mbili, na ziada inatoka. Siku za kwanza inatokea popote inapopata upenyo, hata ndani ya mpira, inajikusanya kwenye mikunjo ya juu kama mapovu ya hewa kwenye dripu. Ukifungua koki, yale mapovu yanatangulia na kuivuruga bia iliyo nyuma yake. Baada ya wiki bia yote imepoa gesi. Shemeji alikuwa ameshafika siku ya tano.

Sasa geuza hesabu upande wa pili. Bia ileile iliyoshiba gesi kwa nyuzi 3 ikipita mahali penye nyuzi 10, ili isiachie gesi inataka presha ya psi 17 na nusu. Hata kabla ya kushushwa, regyuleta ilikuwa inaipa 12. Pungufu hilo ndilo linalogeuka povu, pale kwenye mpira wa juu na kwenye shingo ya koki. Hakuna namba unayoweza kuweka kwenye regyuleta ikaridhisha pande zote mbili kwa pamoja. Ukipandisha hadi 17, bia ya chini itashiba kupita kiasi na kila glasi itakuwa povu.

Nilikuwa na vipimajoto vinne. Kimoja nilikilaza sakafuni mwa friza, kimoja nikakifunga kwa solotepu katikati ya kegi, cha tatu kwenye shingo ya kegi, cha nne nikakining'iniza ndani ya fremu ya mbao usawa wa koki. Tukafunga mfuniko, tukala, tukalala. Asubuhi, kabla mtu hajagusa koki: sakafuni nyuzi 1, katikati ya kegi 3, shingoni 6, kwenye fremu 11. Kasha moja, mfuniko mmoja, kompresa moja (ile pampu inayosukuma gesi ya kupozea), tofauti ya nyuzi 10 kutoka chini hadi juu. Na mpira wa bia, wenye urefu wa mita moja na nusu tu, ulikuwa umejikunja wote juu ya vichwa vya kegi, kwenye ile tabaka ya moto. Bia inachotwa na mrija unaofika chini kabisa ya kegi, kwenye baridi kuliko kote, halafu inapandishwa moja kwa moja hadi kwenye joto kuliko kote.

Sababu haina siri. Hewa baridi ni nzito. Inakaa chini kama maji kwenye beseni, na ndiyo faida kubwa ya friza la kufungulia juu: muuza samaki anafunua mara mia kwa siku na baridi yake haimwagiki kama ya friji la mlango wa mbele. Kwenye samaki waliogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, hata kama juu kuna joto kidogo zaidi, samaki bado ni jiwe. Kwenye bia, nyuzi 5 ni tofauti ya kinywaji na povu. Sifa ileile, kazi nyingine.

Hapo nikafanya kosa langu. Thamostati ya friza haiwezi kusimama kwenye nyuzi 3. Imeundwa kwa kugandisha. Kwa hiyo shemeji alikuwa na kidhibiti joto cha nje, kile ambacho friza linachomekwa kwake na chenyewe kinachomekwa ukutani, chenye waya mrefu wenye ncha ya kupima. Ncha ilikuwa inaning'inia hewani, karibu na sakafu. Nikajiambia: tatizo liko juu, basi ncha ikae juu, kompresa itafanya kazi mpaka juu kupoe. Nikaihamishia kwenye fremu, nikaweka nyuzi 4, nikaondoka. Fundi wa miaka mingi, na nilifanya hivyo.

Jumatatu asubuhi shemeji alinitumia picha ya koki inayodondosha tone moja moja. Fremu ilikuwa imefika nyuzi 5 kwa shida, lakini kompresa haikuwa imepumzika usiku mzima na sakafu ilikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri. Bia ya kawaida huanza kuganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Kegi iliyokuwa imeegemea ukuta ilikuwa na barafu laini chini, mrija umeziba. Tulichomoa friza, tukaacha mfuniko wazi, tukangoja siku nzima. Bia ilipona, lakini ingeweza kuwa kegi iliyovimba.

Kosa lile lilinifundisha jambo ambalo nilipaswa kulifikiria kabla: ncha inapima nukta moja tu, na inaiamuru kompresa iliyofungwa mahali pengine kabisa. Ukiihamisha, unachagua tu sehemu ipi iwe sahihi na ipi iharibike. Tofauti ya chini na juu inabaki palepale, au inakua. Dawa ya tofauti ni kuchanganya hewa.

Tena, kuiacha ncha ikining'inia hewani nako kuna ubaya wake. Hewa yote iliyomo kwenye friza lile haina uzito wa hata nusu kilo ya sukari. Ni kama gramu 250. Kuishusha nyuzi moja kunataka kuondoa robo ya kilojuli (kipimo cha nishati). Kegi moja iliyojaa inataka kilojuli 80 kwa kila nyuzi. Ni mara 300 na zaidi, na kegi ni tatu. Ncha ya hewani kwa hiyo inapima kitu chepesi kinachopepesuka: funua mfuniko, kompresa inawaka, funga, inazima baada ya muda mfupi, bia haina habari. Kompresa ikizimwa na kuwashwa harakaharaka inaungua. Ikizima, presha za pande mbili za gesi zinahitaji dakika chache kusawazika, na ukiiwasha kabla, mota inasukuma dhidi ya mzigo na kukwama. Nimebadilisha kompresa nyingi zilizokufa kifo hicho.

Basi tukaanza upya. Ncha tuliifunga kwenye ubavu wa kegi ya katikati, theluthi moja kutoka chini, na juu yake kipande cha sponji nene kilichobanwa kwa mpira ili isome chuma na bia, isisome hewa. Theluthi ya chini, kwa sababu kegi ikinywewa hadi nusu na ncha iko juu, itakuwa inapima kegi tupu. Kidhibiti tukakiweka nyuzi 3 na nukta kidogo (huku chombo kinasema 38, za Fahrenheit), kiwashe joto likipanda nyuzi moja na nusu, na kingoje dakika 5 kabla ya kuwasha tena.

Kisha feni. Ya kwanza niliilaza sakafuni ikipuliza juu: ni feni ndogo ya kompyuta, ya volti 12, upana sentimita 12. Fremu ilishuka kutoka 11 hadi 8. Ni nafuu lakini si tiba. Nilipofukiza moshi wa udi wa dada yangu ndani na kumulika kwa tochi nikaona kinachotokea: hewa inapanda kidogo katikati ya kegi, inagonga matumbo yake, inageuka na kurudi chini kabla haijafika kwenye koki. Kegi tatu zilikuwa zimejaza kasha kiasi kwamba hakuna njia.

Kwa hiyo tukaijengea njia. Bomba la plastiki la maji machafu, la sentimita 7 na nusu, tukalikata lianzie sentimita 5 juu ya sakafu, kwenye kona, likapanda hadi kwenye fremu. Juu tukaweka kiungo cha kona, feni ikafungwa mdomoni ikivuta hewa kutoka chini na kuipuliza sambamba na mbao, ikipitia shingo za koki zote tatu moja baada ya nyingine. Mipira tukaitoa juu ya kegi, tukaikunja mikunjo ya kusimama na kuifunga kwenye mkondo uleule wa upepo. Asubuhi iliyofuata: sakafuni nyuzi 3, katikati ya kegi 3, shingoni 3 na nusu, kwenye fremu 5. Sikuamini, nikavibadilisha vipimajoto nafasi zao na kupima tena. Vilisema hivyohivyo.

Shemeji aliuliza, na ni swali la haki, kama feni inayozunguka usiku na mchana haileti joto ndani. Inaleta. Wati 2 kwa saa 24 ni kilojuli 170 na ushee, za kutosha kupasha kegi moja nyuzi 2 kama hakuna anayeziondoa. Lakini kompresa inaziondoa kwa dakika kama 20 za kazi katika siku nzima. Ni bei ndogo. Nilimkataza tu asiifunge feni iwake pamoja na kompresa, kama alivyokuwa amepanga, maana tabaka la joto hurudi pale kompresa inapopumzika, na kwenye friza lililojaa bia kompresa hupumzika sehemu kubwa ya siku.

Nyuzi 5 za kwenye fremu bado zilinikera. Zile mbao. Tukanunua shiti la foamu ngumu la sentimita 4, tukalikata vipande, tukavigandisha ndani ya fremu pande zote nne na kuziba mianya kwa silikoni. Kwenye koki tulikata foamu kwa duara linalobana chuma barabara. Fremu ikashuka hadi 4. Tofauti ya juu na chini sasa ilikuwa nyuzi 1, na hapo nikaacha kuhangaika na baridi.

Ndipo tukaigusa presha, ya mwisho kabisa. Tukairudisha psi 12 na kuiacha. Haina haraka: bia iliyopoteza gesi huirudisha polepole, wiki moja hadi mbili, na kutikisa kegi kwa pupa ndiyo njia ya kuizidisha. Mipira ya mita moja na nusu tukaibadilisha kwa ya mita 3, yenye tundu la milimita 4.8, ili msuguano uile presha njiani na bia ifike kwenye glasi ikiwa imetulia. Angeibadilisha kabla ya feni, mita 3 za mpira wa joto zingeweza kumwongezea povu.

Kegi ya tatu ina habari yake fupi. Inakaa juu ya ile ngazi ya ndani ambayo chini yake kuna kompresa. Imeinuka kuliko wenzake, kichwa chake kiko ndani ya fremu, na chini yake kunapata uvuguvugu. Hata sasa iko nusu nyuzi juu ya zile mbili. Shemeji anaweka hapo bia nzito nyeusi, ambayo haidhuriki.

Unyevu ulitusumbua zaidi ya nilivyotegemea. Houston hewa yake ni kama Tanga mwezi wa tatu. Kila ukifunua mfuniko unaingiza maji, nayo yanageuka umande juu ya kuta za baridi na kutiririka sakafuni. Wiki mbili na kulikuwa na kuvu nyeusi kwenye kona ya mbao. Sasa kuna chombo cha chumvi ya kalsiamu kloridi kinachonyonya unyevu, kinabadilishwa kila kikijaa maji, na mbao imepakwa rangi ya mafuta upande wa ndani. Feni imesaidia hapa pia.

Na mtungi wa gesi. Uko ndani ya friza, wa kilo 2 na robo, na kaboni dioksidi yake ikivuja yote ni zaidi ya lita 1,200 za gesi nzito kuliko hewa, itakayotulia ndani ya kasha kama baridi inavyotulia. Mtu akiinama kichwa ndani kutafuta kitu sakafuni anaweza kuanguka humohumo. Nilipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, nikapata kimoja kinachotoa mapovu madogo kwenye kofia ya kegi ya kushoto, tukabadilisha oringi, ule mpira wa duara unaozuia kuvuja. Watoto wa dada wamekatazwa kufungua mfuniko, na shemeji mwenyewe huufunua na kungoja kidogo kabla ya kuinama.

Wiki mbili baadaye nilirudi, Jumapili saa tisa, gereji ikiwa nyuzi 37. Hakuna aliyegusa koki tangu jana yake. Dada ndiye aliyemimina, maana shemeji aliogopa kujaribu. Chuma cha koki kilichobaki nje kilikuwa cha moto kwa kukigusa, na hicho hakiponi kwa feni yoyote iliyo ndani. Mkupuo wa kwanza ulitoka na povu la upana wa vidole viwili, kisha bia ikaja safi, ya rangi ya asali, hadi ukingoni. Glasi ya pili povu lilikuwa kidole kimoja. Shemeji aliipokea, akainyanyua kwenye mwanga wa mlango wa gereji, akaangalia vipovu vikipanda kutoka chini, akaniuliza kama bomba lile lingetosha akiongeza kegi ya nne.

Nikamwambia achukue kwanza vipimo.